Mkamata-nzi mgeni au mwenyeji? Namna ya kuwatofautisha wadogo wawili wa kahawia

Oktoba ikiingia tu, picha ni zilezile: kindege wa kahawia iliyochanganyika na kijivu, amekaa wima juu ya waya au tawi kavu, kifuani ana michirizi, na chini ya picha swali moja: "Huyu ni yupi kati ya wale wawili?" Wanaouliza wako Nairobi, Arusha, Lushoto na Kampala, na karibu wote wamekwama mahali pamoja. Basi haya hapa majibu, nimeyapanga kwa hatua ili uyatumie ukiwa bado unamwona ndege mwenyewe, si usiku ukiwa umebaki na picha moja yenye ukungu.

Wa kwanza ni Muscicapa striata. Huyu hutaga Ulaya na Asia, kutoka Ureno hadi Siberia, na baridi ya kaskazini inapokaribia huvuka Sahara kuja kwetu. Nitamwita mgeni. Wa pili ni Muscicapa adusta, ambaye hutaga na kulea hukuhuku Afrika, kuanzia nyanda za juu za Ethiopia hadi Afrika Kusini, na katika milima yetu yupo mwaka mzima. Nitamwita mwenyeji. Wote wawili wanaishi kwa kazi moja: kukaa kwenye kitawi, kuchungulia, kuruka kumnasa mdudu hewani, kisha kutua tena.

Jambo nitakalolirudia mpaka uchoke ni hili: usianze na kifua. Wote wana michirizi kifuani, na kifua ndicho kinachowapoteza watu wengi. Anza na umbo, nenda kwenye bawa, panda utosini. Kifua kije baadaye, kama shahidi wa mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Darubini ya mkono. Ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya milimita 42) inatosha kabisa. Ya 10x42 nayo ni nzuri kama mkono wako hautetemeki.
- Daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye umande wa asubuhi, penseli haigomi.
- Kamera kama unayo. Simu pekee haitakutosha kwa ndege wa ukubwa huu, ila inafaa sana kwa kurekodi sauti.
- Kujua uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Programu yoyote ya ramani kwenye simu itakwambia.
- Subira ya dakika tano hadi kumi kwa ndege mmoja. Wakamata-nzi hawakimbii ovyo. Ukitulia, watarudi mbele yako.

Na ushauri mmoja wa maandalizi ambao wengi huuruka: jifunze mwenyeji kwanza. Kati ya Juni na Agosti mgeni yuko kwao analea makinda, kwa hiyo ukimwona mkamata-nzi mdogo wa kahawia mwenye michirizi ya ukungu kwenye bustani ya Limuru au Lushoto, umempata mwenyeji bila ubishi. Mtazame mara nyingi miezi hiyo. Mgeni akija, utamwona ni mtu mwingine kabla hujajua kueleza kwa nini.

Saa nzuri ni kuanzia saa mbili asubuhi, jua likishapasha hewa joto na wadudu wakaanza kuruka. Alfajiri sana ndege wengine huimba, lakini hawa wawili hawana cha kufukuza. Jioni kuanzia saa kumi nako kuna kazi.

Hatua ya 1: Andika tarehe, mahali na mwinuko

Fanya hivi kabla ya kuinua darubini, kwa sababu ukishaamua jina la ndege utaanza kuzipinda habari zikufuate.

Mgeni huanza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa Septemba, huwa wengi Oktoba na Novemba wanapopita kwenda kusini, wengine hubaki, kisha wimbi la kurudi hupita Machi na Aprili. Kuanzia Mei hadi mapema Septemba usimtarajie.

Mwenyeji ni ndege wa nyanda za juu: kingo za misitu, uwazi ndani ya msitu, bustani zenye miti mikubwa, mabonde yenye kijani. Kwa kawaida huku kwetu utampata kuanzia mita 1,000 hivi kwenda juu. Karura, Kericho, Kakamega, miteremko ya Meru na Kilimanjaro, Usambara, ukingo wa kreta ya Ngorongoro, Bwindi: hizo ni nyumbani kwake. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam na umemwona mkamata-nzi mwenye michirizi mwezi wa Novemba, anza na dhana kwamba ni mgeni.

*Tahadhari:* tarehe na mwinuko vinakupa dhana tu, havikupi jibu. Mgeni husafiri usiku na kushuka popote kunapopambazuka. Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamao wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete za utambulisho miguuni tangu 1969, taa za hoteli na ukungu wa usiku huwashusha kwa wingi mahali ambapo wengi wao wasingetua kwa hiari. Vivyo hivyo mgeni anaweza kutua kwenye bustani yako ya Limuru, mti mmoja na mwenyeji. Novemba katika nyanda za juu ndiyo hali hasa inayohitaji hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Sogea mpaka mwanga uwe nyuma yako

Ndege aliyekaa juu ya tawi kavu dhidi ya mbingu nyeupe huwa mweusi wote. Usipoteze muda kumchunguza hivyo. Zunguka polepole, kwa upana, mpaka jua liwe mgongoni pako na yeye uwe unamwona kwa ubavu. Akiruka, usimfuate mbiombio. Subiri, maana mara nyingi atarudi kwenye kituo kilekile au cha jirani.

Unachotaka ni ubavu, bawa likiwa limekunjwa. Picha ya mbele, hata ikiwa safi namna gani, inakuonyesha kile kile kifua nilichokukataza.

Hatua ya 3: Tazama umbo zima, usahau rangi

Hesabu tatu bila kutafuta alama yoyote. Jiulize tu: huyu ni mrefu au mviringo?

Mgeni ni mrefu. Ana sentimita 14 hivi kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na urefu huo unaonekana: mwili umenyooka, mkia mrefu, mabawa marefu, kichwa bapa kidogo juu na kinachoinuka utosini kama pembe butu. Amekaa wima, kifua mbele, kama askari wa lindo.

Mwenyeji ni mfupi, sentimita 11 au 12, na amenenepeana. Kichwa ni duara, shingo haionekani, mkia mfupi, jicho linaonekana kubwa kwa sababu uso wenyewe ni mdogo na mpole. Watu wengi wakimwona mara ya kwanza hudhani ni kinda. Si kinda, ndivyo alivyo.

Tofauti ya sentimita mbili au tatu inasikika ndogo, lakini kwa ndege wa kiasi hiki ni kubwa. Mgeni ana uzito wa gramu 15 na zaidi. Mwenyeji hufika kama gramu 10 au 11. Kama kuna ndege mwingine unayemjua vizuri kwenye mti huohuo, linganisha naye. Usikadirie ukubwa wa ndege aliye peke yake juu ya waya, macho yatakudanganya.

Hatua ya 4: Pima bawa

Hapa tulia. Ningeruhusiwa kuchagua alama moja tu kwa ndege aliyekaa ubavu, ningechagua hii, kwa sababu haitegemei mwanga wala uchakavu wa rangi.

Bawa likiwa limekunjwa, utaona makundi mawili ya manyoya yanayoelekea mkiani. La kwanza ni manyoya mapana na mafupi yaliyo karibu na mgongo, yanayofunika sehemu ya juu ya bawa kama kifuniko. La pili ni manyoya marefu ya kurukia, ambayo ncha zake huchomoza chini ya kifuniko hicho. Unapima kile kilichochomoza.

1. Tafuta mahali kifuniko kinapoishia.
2. Kuanzia hapo, fuata ncha ya bawa hadi inapoishia.
3. Linganisha urefu huo na urefu wa kifuniko chenyewe.

Kwa mgeni, sehemu iliyochomoza ni ndefu, inakaribia kulingana na kifuniko, na ncha ya bawa inateremka mbali juu ya mkia. Ni bawa la msafiri wa maelfu ya kilomita. Kwa mwenyeji, kinachochomoza ni kidogo. Ncha inaishia karibu na shina la mkia, na mkia unabaki wazi nyuma yake.

Kama unapiga picha, piga mfululizo akiwa ametulia ubavu, kisha pima kwenye skrini. Picha mbili au tatu za mkao mmoja ni bora kuliko moja, kwa sababu ndege akilegeza bawa kidogo vipimo hubadilika.

*Tahadhari:* wakamata-nzi hupepesa mabawa na mkia mara kwa mara, na mgeni hasa ana tabia hiyo. Usipime wakati bawa limening'inia chini ya mkia. Subiri alikunje sawasawa.

Hatua ya 5: Panda utosini

Sasa rangi zinaruhusiwa, lakini anza na kichwa.

Mgeni ana michirizi myembamba ya rangi nzito kwenye paji la uso na utosi. Paji ndipo inapoonekana vizuri zaidi: msingi ni mweupemweupe na mistari midogo imepita juu yake, utadhani mtu amechora kwa penseli iliyochongwa. Ndege akiinamisha kichwa kumtazama mdudu aliye chini, hapo ndipo utapata nafasi. Kwa mbali michirizi hii hupotea na utosi ukaonekana wa rangi moja, kwa hiyo usiseme "haina" mpaka umekaribia vya kutosha.

Mwenyeji ana utosi wa rangi moja, kahawia-kijivu, bila mistari. Paji halina mchoro, ila kuna weupe hafifu kati ya jicho na mdomo, pamoja na duara jembamba la rangi nyepesi kuzunguka jicho ambalo wakati mwingine linaonekana na wakati mwingine halionekani.

Michirizi utosini pamoja na bawa refu: ni mgeni, unaweza kufunga daftari. Utosi mtupu pamoja na bawa fupi: ni mwenyeji. Hatua zinazobaki ni za siku ambazo alama hizi mbili hazikuonekana vizuri au hazikupatana.

Hatua ya 6: Mdomo

Haraka haraka tu. Mgeni ana mdomo mrefu kiasi, wenye nguvu, mweusi au karibu mweusi. Mwenyeji ana mdomo mfupi, na sehemu ya chini huwa na umanjano hafifu karibu na uso. Umanjano huu unaonekana kwa ndege wa karibu mwenye mwanga mzuri. Ukiuona, uandike. Usipouona, usiupe uzito.

Hatua ya 7: Sasa kifua

Ulichokuwa na hamu nacho tangu mwanzo. Tofauti ipo, ila ni ya ubora wa mchoro, si kuwepo au kutokuwepo kwake.

Kwa mgeni, msingi ni mweupe uliochakaa na michirizi ni mistari inayoweza kuhesabika, kila mmoja una mwanzo na mwisho. Koo na tumbo ni vyeupe zaidi.

Kwa mwenyeji, kifua na mbavu zimetiwa kivuli cha kahawia-kijivu, na michirizi imeyeyukia ndani ya kivuli hicho kama wino ulioguswa na maji. Huwezi kuhesabu. Koo ni nyeupe kiasi na katikati ya tumbo ni peupe, kwa hiyo kivuli cha kifua huonekana kama mkanda usio na kingo.

Rangi yenyewe ya mwenyeji hubadilika kutoka eneo hadi eneo: kuna walio wa kijivu zaidi na walio wa kahawia zaidi. Ndiyo maana ukikariri picha moja ya kitabuni na kwenda nayo mlima mwingine, utachanganyikiwa. Kariri mchoro, si rangi.

Hatua ya 8: Mwache afanye kazi yake

Weka darubini chini kwa dakika chache, mtazame kwa macho.

Mgeni hupenda pahali wazi: waya, nguzo ya ua, ncha ya tawi kavu pembeni mwa shamba, mti uliosimama peke yake. Safari zake za kunasa wadudu ni ndefu na za kasi, na mara nyingi hurudi kwenye kitawi kilekile alichotoka. Huku kwetu yuko peke yake zaidi, ingawa siku za kupita unaweza kuona kadhaa kwenye ua mmoja.

Mwenyeji hukaa chini zaidi na ndani zaidi: tawi la chini la mti wenye kivuli, ukingo wa msitu, kando ya njia ya miguu. Safari zake ni fupi. Huwa na mwenzake karibu, na hao wawili hushika eneo lao. Ukiwakuta leo chini ya mti fulani, wiki ijayo pita hapohapo. Hutengeneza kiota kidogo cha kikombe kwenye upenyo wa gogo, ukingoni mwa mwamba, hata kwenye kona ya jengo. Ndege yeyote kati ya hawa utakayemkuta amelalia mayai Kenya, Uganda au Tanzania ni mwenyeji, kwa sababu mgeni hatagi huku. Ukikiona kiota, rudi nyuma, usipige picha kwa karibu.

*Tahadhari:* tabia huegemea upande mmoja, haikati shauri. Mwenyeji naye hukaa kwenye waya wa bustani, na mgeni mwenye joto la mchana huingia kivulini.

Hatua ya 9: Sikiliza, lakini usitegemee

Wote wana sauti nyembamba ya juu. Ya mgeni ni "ziii" yenye ukwaruzo kidogo, mara nyingine ikifuatwa na "tk-tk" kavu. Ya mwenyeji ni "tsiii" laini, dhaifu, ambayo mtu mwenye umri mkubwa anaweza asiisikie kabisa. Wimbo wa mwenyeji ni mfululizo wa vilio hivyo vyembamba. Mgeni akiwa huku mara nyingi hunyamaza.

Rekodi kwa simu ukiweza, halafu linganisha nyumbani. Usimchezee ndege sauti kwa spika ili aje karibu, hasa mwenyeji mwenye eneo lake. Unamfukuzisha adui asiyekuwepo.

Hatua ya 10: Andika ulichoona, kisha jina

Andika kwa mpangilio huu: umbo, bawa, utosi, mdomo, kifua, tabia, sauti. Mbele ya kila kimoja andika ulichoona au kistari kama hukukiona. Halafu ndipo uandike jina. Ukianza na jina, utaona vistari vinajazwa na mawazo yako.

Kama unatuma kumbukumbu kwenye eBird, tovuti ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, au kwenye ramani ya ndege ya Kenya, weka na picha ya ubavu. Mwenyeji wa pwani au mgeni wa Julai ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe.

Ukikwama

*Utosi una michirizi, lakini bawa ni fupi.* Angalia mwezi kwanza. Mgeni hubadilisha manyoya yake ya bawa akiwa Afrika, na tofauti na ndege wengi wadogo, huanza na manyoya ya nje kabisa kuelekea ndani. Kwa hiyo kati ya Desemba na Februari ncha ya bawa lake inaweza kuwa imepungua kwa muda. Iamini michirizi ya utosi, na utafute pengo au unyoya mpya uliokomea nusu.

*Utosi una michirizi, bawa fupi, na kifua hakina mistari kabisa.* Huyo si yeyote kati ya hao wawili. Kama uko kwenye migunga ya Samburu, Tsavo au Serengeti, huenda ni Bradornis microrhynchus, mkamata-nzi wa kijivu wa nyika kavu. Ana michirizi midogo utosini na kifua kitupu, na mara nyingi hushukia wadudu ardhini badala ya kuwanasa hewani. Wengi huja na picha yake wakiamini ni mgeni, kwa sababu mtu amewaambia "tazama utosi" akaishia hapo.

*Ana madoa meupe mgongoni.* Ni kinda, na makinda ya familia hii karibu yote huwa na madoa. Mgeni mchanga hupoteza madoa yake kabla ya kuanza safari, hivyo kinda lenye madoa mgongoni ukiwa Kenya au Tanzania ni la ndege wa hukuhuku, kwa kawaida mwenyeji kama uko milimani. Subiri, mzazi atakuja kumlisha, umtambue kwa mzazi. Mgeni mchanga wa Oktoba hubakiwa tu na ncha nyepesi kwenye manyoya ya bawa, zinazofanya mstari mwembamba unaokatiza bawa.

*Mgeni, lakini amepauka na michirizi ni haba.* Hakuna shida. Wale wanaotoka upande wa mashariki, Asia, huwa wepesi wa rangi kuliko wa Ulaya Magharibi, na huku kwetu ni wengi. Bawa refu litakuokoa.

*Kahawia, yuko kwenye mafunjo kando ya Ziwa Victoria, koo jeupe na mkanda wa kahawia kifuani.* Mfikirie Muscicapa aquatica, wa majini. Hukaa chini, juu ya matete, na kifua chake hakina mistari.

*Kijivu cha kuelekea samawati, na mstari mweupe juu ya jicho.* Huyo ni Fraseria caerulescens. Vitabu vya zamani vilimweka jamii moja na hawa wawili, kwa hiyo usishangae ukimkuta kwenye ukurasa mmoja nao.

*Programu ya simu imesema ni mgeni kwa asilimia kubwa.* Programu za kutambua ndege kama Merlin ni msaada mzuri, lakini hutumia pia mahali na tarehe kupanga majibu. Novemba Nairobi ndege wote wawili wanawezekana, kwa hiyo inabaki na picha yako, na kama picha ni ya kifua, imekwama ulipokwama wewe. Ipe picha ya ubavu uone jibu litakavyobadilika.

*Nimefuata hatua zote, bado sijui.* Andika Muscicapa, jina la jamii yao, acha spishi wazi. eBird inayo nafasi ya kuandika hivyo, na watazamaji wenye uzoefu huitumia bila haya.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Nairobi, nenda Karura asubuhi, tembea kando ya mto na kwenye uwazi wa msitu, mwenyeji yupo. Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, huwa na matembezi ya ndege Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na anayeanza hupokewa vizuri. Ukimkuta mzee mwenye darubini iliyochakaa, sema "shikamoo" na umfuate, utajifunza zaidi ya mwongozo huu. Kwa Tanzania, Hifadhi ya Arusha na kingo za msitu wa Magamba, Lushoto, ni pazuri kwa mwenyeji. Mgeni mtafute kwenye ua wa mashamba na kwenye mbuga yenye miti michache kuanzia Oktoba. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi inafaa, na ukiwa ndani ya gari anakuacha ukaribie sana.

Bustani ya Arboretum jijini Nairobi nayo ni nzuri kwa wote wawili msimu ukifika, na miti yake mikubwa huwaleta ndege chini. Ila inapakana na Ikulu. Ndege akiruka upande huo, shusha darubini, msubiri arudi.